Kranberi haioti majini

Picha inayomfikia kila mtu ni ya mkulima aliyezama hadi kiunoni, amezungukwa na kranberi, matunda madogo mekundu, yanayoelea kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo maana ndugu zangu wa Moshi, tukizungumza kwa simu mwezi Oktoba, huniuliza kama mashamba ya huku Massachusetts, Marekani, ni majaruba kama ya mpunga. Sivyo. Maji yale hufunguliwa kwa siku chache za mavuno. Kiangazi kizima unatembea juu ya mchanga mkavu, na mmea wenyewe ukikaa majini muda mrefu wakati wa joto, mizizi huoza.

Nimelifanyia kazi zao hili miaka kumi na miwili, na kila mwaka naamini zaidi jambo moja: mkulima wa kranberi habadilishi sana mmea. Anachokitengeneza ni mahali pa kuishi.

Twende kwanza porini. Kranberi kubwa ya Amerika Kaskazini, Vaccinium macrocarpon, ni mmea unaotambaa, wenye majani madogo magumu yasiyopukutika. Majira ya baridi majani hayo hugeuka rangi ya damu ya mzee. Hapa Cape Cod, rasi ya Massachusetts, huota kwenye mabonde yaliyoachwa na barafu kuu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, penye mboji yenye tindikali nyingi na chakula kidogo mno. Mahindi hapo yangekufa. Kranberi huishi kwa sababu kuvu waliomo ndani ya mizizi yake huitafutia naitrojeni, maana mizizi hiyo haina hata vile vinyweleo vya kawaida vya kunyonyea. Matawi marefu hutambaa, na juu yake husimama vitawi vifupi vinavyobeba maua. Mwezi Juni ua hukunja petali zake nyuma na kuchomoza kama mdomo wa ndege. Husemwa kwamba walowezi waliona kichwa cha korongo, na jina la Kiingereza likatoka huko. Wawampanoag, wenyeji wa pwani hii, walikuwa wakiyala matunda hayo muda mrefu kabla ya walowezi kuja.

Ulaya ya kaskazini kuna ndugu yake mdogo, Vaccinium oxycoccos. Matunda yake ni madogo, nyuzi za matawi yake ni nyembamba mno, na mpaka leo watu wa Finland na Estonia huyachuma kwa mikono kwenye vinamasi.

Kilimo chenyewe kilianza kwa jicho la mtu mmoja. Mwaka 1816, katika mji wa Dennis hapa Cape Cod, Henry Hall aliona kwamba pale upepo ulipoleta mchanga juu ya kranberi za mwituni, mimea haikudhoofika. Ilistawi. Akaanza kuhamisha miche na kuifunika mchanga kwa makusudi. Kazi hiyo tunaifanya hadi leo, kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Mchanga hufukia matawi yanayotambaa, nayo hutoa mizizi mipya na vitawi vipya. Hufukia pia majani yaliyooza pamoja na wadudu waliojificha humo, na hupitisha maji haraka. Njia nzuri kuliko zote ni kulijaza shamba maji wakati wa baridi kali, kungoja barafu ikomae, kisha kuumwaga mchanga juu yake. Barafu ikiyeyuka, mchanga hutua taratibu, sawasawa, bila gurudumu kukanyaga mmea. Siku hizi baridi nyingine hazitoi barafu ya kubeba mashine, na wakulima wanalazimika kumwaga mchanga kutoka kwenye majahazi bapa. Hilo linanihuzunisha kweli.

Mwaka wangu wa pili niliongeza mbolea ya naitrojeni kwenye tuta la majaribio. Lilipendeza sana, kijani kibichi, matawi yametanda kama nywele. Matunda hayakuwepo. Mmea uliozoea njaa ukishibishwa hukimbilia kutambaa na kusahau kuzaa. Tangu hapo napima mbolea kama dawa ya mtoto.

Kwamba mmea haujabadilika sana, aina tunazolima ni ushahidi. Early Black na Howes zilichaguliwa hapa Cape Cod katika karne ya 19 kutoka kwenye mimea ya mwituni, na bado zinavunwa. Stevens, iliyotolewa mwaka 1950 na kuenea sana, ni mtoto wa McFarlin na Potter, ambazo zote mbili zilitoka porini. Hatua moja tu kutoka porini! Linganisha na mahindi, yaliyobadilishwa kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana baadhi ya mashamba ya huku yana mimea iliyopita miaka mia na bado inazaa.

Hata kuvuna majini kunategemea umbile la porini. Likate tunda katikati: utaona vyumba vinne vya hewa. Mashine hupita ikitikisa vitawi, matunda yanang'oka na kupanda juu yenyewe, kisha watu huyakusanya kwa uzio unaoelea. Yanayouzwa mabichi kwa kawaida huvunwa makavu, kwani yakilowa hayadumu.

Sasa swali ambalo shemeji haachi kuniuliza: je, yatazaa Kilimanjaro, kule juu kwenye baridi? Hapana, shemeji. Tumba la ua hufungwa kiangazi kilichotangulia, kisha linahitaji majuma mengi ya usingizi wa baridi mfululizo ndipo lifunguke vizuri. Baridi ya mlimani kwetu huja usiku na kuondoka asubuhi. Lakini ndugu zake wapo karibu. Rwenzori kuna Vaccinium stanleyi, wa jenasi ileile. Na ile miti ya Erica unayoipita ukitoka msituni kuelekea kileleni, yenye vijani vidogo vigumu, ni ya familia moja na kranberi. Nikija Desemba tupande pamoja, nikuonyeshe.