Mwaka Mmoja Bila Sigara: Yanayosemwa Barazani Tanga na Ukweli Wake

Miongoni mwa Waislamu wa Tanga, mtu anayeamua kuacha sigara mara nyingi huanza na Ramadhani, na mwandamo wa mwezi wa mwaka unaofuata humkuta ametimiza mwaka. Ni hatua kubwa, na anayeifikia anastahili pongezi za dhati za mkewe, wanawe na wenzake wa barazani. Kinachosikitisha ni kwamba pongezi hizo huja zimechanganyika na maneno mengine: huyu anamwambia kwamba mapafu yake sasa ni mapya, yule anamwambia kwamba sigara moja ya sikukuu haina neno. Husemwa kwa mapenzi, lakini yanaweza kumrudisha mtu kule alikotoka. Mwaka mmoja una maana yake mahususi mwilini, na aliyeutimiza ana haki ya kujua ni kipi amekwisha kukipata na kipi bado anakidai.

"Ukitimiza mwaka, mwili unakuwa kama wa mtu ambaye hajavuta kamwe."

Viungo vya mwili havipati nafuu kwa mwendo mmoja, na hapo ndipo dhana hii inapokosea. Ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Katika muda wa saa 12 hivi, kaboni monoksaidi, ile gesi ya moshi inayonyakua nafasi ya oksijeni katika damu, hurudi kwenye kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na miezi 3 mzunguko wa damu huimarika na mapafu hufanya kazi vizuri zaidi, na mtu anayekwenda kwa baiskeli kutoka Ngamiani hadi Raskazone huanza kuiona tofauti katika pumzi yake. Mwaka unapotimia, hatari ya ziada ya maradhi ya mishipa ya moyo aliyoibeba kwa sababu ya sigara huwa imepungua kwa nusu hivi. Hilo ndilo pato halisi la mwaka wa kwanza, nalo ni pato la moyo.

Moyo hutangulia kwa sababu madhara mengi unayoyapata hutegemea moshi uendelee kuingia. Moshi hufanya chembe za kugandisha damu zinatane, hukaza mishipa na kuipunguzia damu oksijeni. Moshi ukikoma, mambo hayo nayo hulegea upesi. Saratani haifuati ratiba hiyo, kwa kuwa kemikali za moshi huharibu vinasaba ndani ya seli, na uharibifu huo unaweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Ndiyo maana hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi takriban nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta pale tu inapofika miaka 10 hivi, na hatari ya kiharusi huchukua kati ya miaka 5 na 15 kukaribia ile ya asiyevuta. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika mapafuni havioti upya, ingawa kasi ya mapafu kuchakaa hupungua na kukaribia ile ya uzee wa kawaida. Sisemi haya ili nimkatishe tamaa mtu aliyepambana mwaka mzima. Nayasema kwa sababu aliyeaminishwa kwamba amekwisha kupona kabisa ndiye anayeweza kuona kwamba hana tena cha kulinda.

"Nafunga mwezi mzima bila tabu, kwa hiyo mimi si mraibu."

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa imewachelewesha watu wengi kuliko nyingine zote, kwa sababu inajificha nyuma ya jambo jema. Ni kweli kwamba mfungaji hukaa saa 13 hivi bila sigara. Nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo adhana ya magharibi humkuta mtu huyo akiwa amebakiwa na kiasi kidogo sana, na kaboni monoksaidi yake imeshuka. Kisha huja sigara ya baada ya futari, pengine kabla uji haujapoa, na kila kilichoshuka hupanda tena. Kilichomshikilia mchana kutwa ni nia ya ibada, pamoja na mji mzima unaofunga naye. Uraibu wenyewe haukuondoka, uliahirishwa hadi jua lizame, na ushahidi ni ile haraka ya kuitafuta sigara mara tu ruhusa ipatikanapo.

Hata hivyo, ndani ya funga hiyo mna fursa ambayo natamani kila mvutaji aione. Hasira, kukosa usingizi na kushindwa kutulia huwa vikali zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua ndani ya wiki 3 au 4, ili mradi nikotini isirudishwe kila usiku. Kwa hiyo anayeulinda usiku kama anavyoulinda mchana, akafuturu kwa tende na maji, akala, kisha akaondoka mapema kwenda tarawehe badala ya kubaki na wavutaji, huifikia Idi akiwa amevuka sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Anayeulinda mchana peke yake huianza safari ile ile upya kila alfajiri, jambo ambalo kwa kweli linachosha zaidi ya kuacha moja kwa moja.

"Sigara moja ya sikukuu haiwezi kuharibu mwaka mzima."

Moshi wa sigara moja haufuti faida ya miezi 12, hilo ni sahihi. Hatari iko kwenye ubongo, ambao umehifadhi kumbukumbu ya nikotini pamoja na mazingira yake: kahawa chungu, kashata, sauti za wenzake, harufu ya moshi kwenye kanzu ya jirani. Hamu inayoamshwa na mambo hayo kwa kawaida hudumu dakika chache tu, na mtu akiondoka barazani kidogo au akaagiza maji, hupita. Sigara hiyo moja ikivutwa, kumbukumbu hupata nguvu mpya, na ya pili huwa rahisi kuliko ya kwanza. Aliyekwisha kuvuta asijihukumu kwamba mwaka wake umekwenda bure, maana kuteleza si kuanguka. Azime kilichobaki, asinunue nyingine, na amweleze mtu wa nyumbani anayemwamini.

Wapo pia wanaoamini kwamba kununua moja moja kibandani, moja kwa siku, ni karibu sawa na kuacha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo inayobebwa na sigara 20.

"Maziwa huosha kifua."

Tanga ni mkoa wa maziwa, na kuyanywa ni jambo jema, lakini yanakwenda tumboni, hayafiki mapafuni. Kinachosafisha kifua ni vinyweleo vidogo mno vya njia ya hewa, ambavyo moshi huvilemaza na ambavyo huamka mtu anapoacha. Ndiyo maana wengine hukohoa zaidi katika wiki za mwanzo wakadhani mwili unaidai sigara, kumbe makohozi yanasukumwa nje. Kikohozi hicho hupungua kati ya mwezi 1 na miezi 9. Hata hivyo mtu asikisie: kikohozi chochote kikidumu wiki 2 au zaidi, na hasa kikija na homa za jioni, kukonda au damu, mtu aende kituo cha afya au Hospitali ya Bombo akapimwe kifua kikuu, kwa kuwa uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua maradhi hayo.

"Shisha na ugoro ni afadhali."

Maji ya shisha hupoza moshi, hayauchuji ukawa salama, na kikao cha saa nzima huingiza moshi mwingi mno kupita wa sigara moja. Ugoro hauna moshi, lakini una nikotini ile ile, na tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya kinywa.

"Mwacheni mzee avute, ameshachelewa."

Utafiti uliowafuatilia madaktari wa Uingereza kuanzia mwaka 1951, na kutoa matokeo ya miaka 50 mwaka 2004, ulionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa takriban miaka 10 ya maisha, wa miaka 40 aliokoa 9, wa miaka 50 aliokoa 6, na wa miaka 60 bado aliokoa 3. Hata yule ambaye tayari ana ugonjwa wa mishipa ya moyo hupunguza hatari ya kufa kwa takriban theluthi moja akiacha. Baba au babu anayehudhuria kliniki ya moyo asikose kumweleza daktari kwamba anavuta na kwamba anataka kuacha, na anayemsindikiza amkumbushe kulisema hilo kabla hawajatoka chumbani kwa daktari.