Si kweli kwamba kompyuta kuukuu haiwezi kuendesha hifadhidata ya kisasa

Katika makundi ya gumzo husambazwa mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba kompyuta yenye zaidi ya miaka mitano haiwezi kuendesha programu yoyote mpya ya hifadhidata (programu ya kutunza na kutafuta data), na kwamba mwenye duka au shule hana budi kununua seva mpya. Dai hilo si sahihi.

SQLite, programu ya hifadhidata ambayo imo ndani ya simu za Android na iPhone, huchukua nafasi ndogo mno, na PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, kwa mpangilio wake wa kawaida, hujitengea MB 128 tu za kumbukumbu (RAM) ya pamoja, yaani inayotumiwa na sehemu zake zote.

Mkanganyiko una chanzo chake. MongoDB, nayo ni programu ya hifadhidata, kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2021, huhitaji prosesa yenye uwezo uitwao AVX (amri za kukokotoa namba nyingi kwa pamoja), ulioingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2011; ukikosekana, programu hukatika papo hapo kwa ujumbe “Illegal instruction”, na mtu huhitimisha kwamba mashine imezeeka, ingawa baadhi ya Celeron (prosesa za bei nafuu za Intel) zilizotengenezwa baadaye nazo hazina uwezo huo. Ili kujua kama prosesa yako ina AVX, kwenye Linux andika amri lscpu katika dirisha la amri (terminal), kisha utafute neno avx katika orodha itakayotokea.

Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo, kwa kuwa unawagharimu watu fedha bila sababu. Ninachokisisitiza zaidi ni diski: ikiwa ya zamani, weka nakala rudufu ya data kwenye kifaa kingine.