Je, Wajua Kwa Nini Mchezo Mmoja wa Kriketi Uliuzwa kwa Majina Matatu?

Mwaka 2007 kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilitoa mchezo wa video wa kriketi kwa ajili ya kompyuta, PlayStation 2 na Xbox 360. Mteja aliyeingia dukani London alikuta kasha lililoandikwa Brian Lara International Cricket 2007. Sydney na Auckland kasha hilo liliitwa Ricky Ponting International Cricket 2007, na Mumbai likaitwa Yuvraj Singh International Cricket 2007. Lara ni wa Trinidad, Ponting ni wa Australia na Yuvraj ni wa India. Kwa nini duka moja lilipewa mchezaji huyu na jingine yule?

Kabla ya kujibu, sina budi kukiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, na halikuwa sahihi. Niliamini kuwa hii ilikuwa michezo mitatu tofauti inayogombea wateja walewale. Kriketi ilinivutia mwaka 2003, Kenya ya Steve Tikolo ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na miaka michache baadaye nilikuwa na diski ya Lara niliyoinunua ikiwa imetumika. Nilipoiona ya Ponting kwa mtu mwingine nilimsihi tubadilishane, nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyepata kitu kipya. Nilipoiwasha nilikuta timu zilezile, mashindano yaleyale na namna ileile ya kurusha mpira. Hata hapo sikushtuka. Nilijiambia kuwa bila shaka kampuni moja imemwigiza mwenzake, kisha nikaanza kubishana na marafiki kuhusu nani kamwigiza nani, na nakumbuka nilikuwa na hoja nzito za kumtetea Lara.

Kosa hilo lilikuwa na jingine ndani yake. Nilidhani jina lililo juu ya kasha linaeleza kilichomo, kwamba mchezo wa Ponting ni mchezo wa Australia na wa Yuvraj umeipendelea India. Sivyo. Ndani yake palikuwa na Kombe la Dunia la 2007, lililochezwa West Indies, yaani visiwa vya Karibiani, na kushirikisha timu 16, Kenya ikiwa mojawapo, na shindano hilo lilikuwa lilelile awe nani yule aliyechapishwa nje. Wala tofauti haikuwa ya kiufundi, kwa sababu diski za PlayStation 2 za Uingereza na za Australia zilikuwa za eneo moja la mauzo, liitwalo PAL, na mashine ya nchi moja ilisoma diski ya nchi nyingine bila kulalamika. Kilichobadilika ni jalada, jina na picha za utambulisho.

Msomaji anayevaa kanga au kununulia wengine atalielewa jambo hili upesi. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo na mji vikishachorwa, kazi kubwa imekwisha, na maandishi ya jina yanaweza kubadilishwa bila kugusa ua hata moja. Doti moja ikaandikwa maneno ya harusi, nyingine yenye maua yaleyale ikaandikwa maneno ya kumshukuru mama, na mnunuzi anayechagua kanga kwa jina lake atakwambia, kwa haki kabisa, kuwa hizo ni kanga mbili. Mchezo wa kompyuta una pindo na mji wake: programu, viwanja, mienendo ya wachezaji na hesabu za mpira unavyodunda. Vitu hivyo ndivyo vinavyokula fedha na muda. Jina la juu ni mstari mmoja wa maandishi na picha ya mtu. Tena jalada lililazimika kuchapishwa tofauti kwa vyovyote, kwa kuwa Australia ilidai alama yake ya daraja la umri huku Ulaya ikitumia ya kwake, PEGI. Aliyekwisha kuamua kuchapa majalada mawili hapati hasara kubwa akiweka sura mbili.

Lakini kwa nini jina la mtu, na si la mchezo wenyewe? Mpira wa miguu hauhitaji hivyo. FIFA 07 iliweka Wayne Rooney kando ya Ronaldinho kwenye majalada ya Uingereza na Lukas Podolski kwenye ya Ujerumani, ila jina la FIFA halikuguswa popote, kwa sababu ndilo lililokuwa likiuza. Kriketi kwenye kompyuta ilikuwa bidhaa ya wachache, yenye nafasi finyu kwenye rafu, na mzazi anayemtafutia mtoto zawadi angeweza kuipita bila kuitambua. Jina la mtu mashuhuri lilimweleza kwa mara moja kuwa hii ni kriketi na kwamba anayejua kriketi anaithamini.

Kasoro ya njia hii ni kwamba shujaa wa kriketi kwa kawaida ni shujaa kwa sababu amewatesa watu wa nchi fulani. Januari 1993 Lara aliifunga Australia mikimbio 277, yaani alama za kriketi, palepale Sydney, na Machi 1999, huko Barbados, akawanyima ushindi kwa mikimbio 153 bila kutolewa. Kumwomba Mwaustralia alipe fedha kwa ajili ya sura hiyo ni ujasiri wa kupita kiasi. Uingereza, kwa upande wake, Lara alikuwa kama mwenyeji: mwaka 1994 aliichezea timu ya kaunti ya Warwickshire na kufunga mikimbio 501 katika zamu moja, na Codemasters ilikuwa na makao yake Southam, ndani ya Warwickshire hiyohiyo. Sidhani kuwa ukaribu huo haukuchangia chochote, ingawa hapa nasema kwa makisio.

Desturi hiyo haikuanza na Lara. Mwaka 1993 mchezo ulioitwa Graham Gooch World Class Cricket nchini Uingereza ulimpa Allan Border nafasi hiyo Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Brian Lara Cricket ikauzwa Australia kama Shane Warne Cricket '99, jambo linalonichekesha hadi leo, maana Lara ni mpigaji na Warne ni mrushaji: bidhaa moja ilisifiwa nchi hii kwa kuupiga mpira na nchi ile kwa kuurusha.

Jina la mtu pia hukodiwa, kama fremu ya duka. Unaweka kibao chako na unafanya biashara, lakini fremu si yako, na mwenyewe ana safari zake. Mchezo wa 2007 uliingia madukani Uingereza mwezi Machi, na tarehe 21 Aprili Lara akacheza mechi yake ya mwisho ya kimataifa, kwenye Kombe lilelile ambalo kasha lilikuwa likilitangaza.

Big Ant Studios ya Melbourne ililikwepa tatizo hilo mwaka 2014 kwa kumchagua Don Bradman, mpigaji wa Australia mwenye wastani wa mikimbio 99.94, aliyefariki mwaka 2001 na ambaye kwa hiyo hakuweza kustaafu wakati wa mauzo. Don Bradman Cricket 14 iliuzwa Australia na Uingereza kwa jina hilohilo moja. Safari hii majina yaliyokosekana yalikuwa ya ndani: studio haikuwa na leseni za wachezaji waliokuwa hai, hivyo iliwajaza wa kubuni, ikawapa wanunuzi zana ya kuwaunda wale halisi na kugawiana. Marehemu akabaki kwenye jalada kwa jina lake kamili, na walio hai wakasubiri mashabiki wawaandikishe.