Mashairi na watunzi wake: dhana potofu na ukweli

"Amri Abeid alikuwa mwanasoka."
Ukishuka stendi ya zamani Arusha mjini unaliona jina lake kwenye uwanja wa mpira, ndiyo maana wengi hudhani hivyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi (au Abeid, 1924–1964), mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, cha mwaka 1954, kinatajwa madarasani hadi leo.

"Mizani huhesabiwa kwa macho."
Mizani ni silabi zinazotamkwa, na huhesabiwa kwa sikio. Mshororo (mstari) wa shairi la kimapokeo kwa kawaida una vipande viwili, kila kimoja mizani nane. Chukua kipande hiki: *mbuni wetu shambani*. Kama ni mti wa kahawa, kama ile ya Meru na Kibosho, hutamkwa m-bu-ni, na mizani hutimia nane. Kama ni ndege, ni mbu-ni; zinabaki saba na kipande kinachechemea. Vivyo hivyo *mvuvi* ni mizani tatu, *mvua* mbili. Wanafunzi hukosea kwa kuwa hukatakata maneno kwenye karatasi bila kuyatamka. Soma ubeti kwa sauti kwanza. Ukirudia, gonga meza kwa kila mizani.

"Bila vina si shairi."
Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande. Ugomvi wa zamani huu, na *Kichomi*, diwani (mkusanyiko wa mashairi) ya Kezilahabi (1974), iliuchochea. Kuacha vina ni uamuzi. Tazama mtunzi ameweka nini badala yake: takriri (marudio), taswira, mahali anapokata mshororo. Asipoweka kitu, hilo ni gazeti lililokatwa vipande.

"Anayesema 'mimi' ni mtunzi mwenyewe."
Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya *Sauti ya Dhiki* gerezani Kenya, kwenye karatasi za choo, akitumikia kifungo kwa waraka wa kuikosoa serikali. Ukilijua hilo, mamba wa shairi lake "Mamba" hawi tena mnyama wa mtoni tu. Lakini katika diwani hiyohiyo, "Mnazi" ni majibizano ya watu wawili wanaogombea mti. Ukimbebesha mtunzi kauli zote mbili, unamfanya ajipinge mwenyewe. Kwa hiyo anza na beti: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini? Kisha tafuta mwaka wa kutungwa, wasifu uje mwisho. Anayetanguliza wasifu huona jela kila mshororo, hata pale mtunzi anapozungumzia mapenzi.