Uhuru wa imani si hisani ya wenyeji

Kila linapozuka suala la dini huku Lamu, hakosi mtu wa kusema: "Mbona sisi tumewapa wageni uhuru wa kuabudu?" Husemwa kwa nia njema, tena na watu wanaoipenda amani kwa dhati. Ila kinachoelezwa hapo ni uvumilivu wa kidini. Uhuru wa imani ni jambo jingine.

Uvumilivu ni tabia: hukubaliani moyoni na ibada ya jirani yako, na bado humzuii wala humuudhi. Uhuru wa imani ni haki ya kila mtu, nayo imo katika Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 20 kinasema haki hizo zinafunga vyombo vyote vya dola na watu wote.

Uvumilivu humtegemea anayevumilia, akichoka, umekwisha. Haki haiulizi nani ni wengi wala nani alitangulia kufika. Lamu mjini Waislamu ndio wengi, Kenya nzima Wakristo ndio wengi. Ingekuwa wengi ndio wanaowapa wachache, binti Mwislamu wa Lamu angeibeba haki yake hadi Mokowe tu, gati la bara ng'ambo ya kisiwa, na akifika shule ya bara angeanza kuiomba upya. Sivyo ilivyo. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi, huduma au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na kinakataza kumlazimisha atende lililo kinyume na imani hiyo. Siku ya ibada nayo imetajwa humo kwa jina. Mwenye hoteli wa Malindi anayemwambia mpishi Msabato asali atakavyo, ila kila Jumamosi awe jikoni, huenda akawa mvumilivu sana, na bado ana swali la kujibu kisheria.

Katiba inataja dini na imani pia, wala haisemi lazima pawe na kitabu. Matambiko ya wazee wa Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama huko Kilifi, yanalindwa sawasawa na swala na misa. Kumwita mzee wa kaya "mtu asiye na dini" ni kosa linaloumiza, hasa katika Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi.

Wengine huuliza: ikiwa Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, Mahakama ya Kadhi inatoka wapi? Jibu limo katika Kifungu cha 170. Mahakama hiyo husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, na pande zote lazima ziwe za Waislamu waliokubali mamlaka yake. Mjane Mkristo hawezi kulazimishwa kuikubali.

Lipo pia kosa la upande wa pili: kusema kwamba uhuru wa kuabudu ndio uliowaua watu wa Shakahola, msitu wa Malindi ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ilifukuliwa kuanzia 2023. Kuamini ni kwa moyo, na hakuna serikali inayoweza kuupekua. Kutenda ni nje ya moyo, na kunaweza kuwekewa mipaka chini ya Kifungu cha 24. Kumnyima mtoto chakula hakupati kinga kwa kuitwa mfungo. Lakini mpaka huo huwekwa na sheria, kwa sababu inayoelezeka mbele ya mahakama. Chifu kufunga kanisa dogo kwa kuwa majirani hawalipendi si kuweka mpaka, ni kuvunja haki.

Anayetaka kuwasifu watu wa Lamu na aseme kwamba wanavumiliana. Ni sifa kubwa, na nyumba nyingi za mji huu zinaistahili. Lile neno "tumewapa" tu ndilo namwomba aliache.