Kuangusha Mti Mkubwa Mlimani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Bei ya mbao ikipanda, pale kwa mafundi samani wa Keko hakosi mtu wa kudai: "Kwani kuna kazi gani? Unawasha msumeno wa mnyororo, mara mti uko chini." Labda mwarobaini wa uani. Misitu minene ya miteremko, kama ya Usambara na Uluguru, ina habari nyingine.

"Mti hukatwa mpaka msumeno utokee upande wa pili." Anayejua kazi hafanyi hivyo. Huanza kwa kutoa pengo, mithili ya kipande cha tikiti, upande anaotaka mti uangukie. Kina chake robo hadi theluthi ya unene wa shina. Kisha huhamia nyuma, hukata kuelekea pengo lile, juu yake kidogo, na kuacha utepe usioguswa, karibu sehemu moja ya kumi ya unene. Utepe huo ndio unaouongoza mti. Ukiumaliza, mti utakwenda unakotaka wenyewe. Ukikuta gogo ambalo halijapasuliwa, tazama kitako chake: utaona mstari wa nyuzi zilizochanika. Ndipo lilipokuwa limeshikiliwa.

"Mlimani, uelekeze mti bondeni, ndiko rahisi." Ushauri huu umeharibu mbao nyingi. Mti unaoelekea bondeni huanguka umbali mrefu zaidi kabla ya kugusa ardhi, hivyo hupasuka, au huteleza na kuendelea na safari. Kwa kawaida hulazwa kukingama mteremko. Na wakataji hukaa upande wa juu, maana gogo likianza kubiringika halisimamishwi na mtu.

"Msumeno mkubwa ndio kila kitu." Kazi kubwa iko kabla ya kuuwasha. Kamba za porini hufunga vilele vya miti pamoja, mmoja ukienda unavuta jirani. Ndiyo maana hukatwa miezi kadhaa mapema zikauke. Shina hugongwa kwa kisogo cha shoka: likilia utupu, ndani kuna pango na ule utepe hautashika. Njia za kukimbilia hufyekwa mapema, za kurudi nyuma kwa mshazari. Nyuma kabisa ya shina hapafai, kwani mti ulioinama unaweza kupasuka wima na kurusha kitako huko huko. Wasiohusika hukaa mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Wa mita 40, wao mita 80.

"Ukishalala, hatari imekwisha." Tazama juu kwanza. Tawi lililovunjika huweza kuning'inia muda mrefu, kisha likashuka. Mti ulionaswa na mwenzake, usipite chini yake.

"Mti wa porini hauna mwenyewe." Bila kibali ni kosa, na katika hifadhi ya mazingira asilia kama Amani hauvunwi kabisa. Ndiyo sababu lori la mbao linalokuja Dar husimamishwa kwenye vizuizi vya maliasili, dereva aonyeshe hati ya kusafirishia.