Kuokota mpira kwenye shimo baya hakuui kadi yako

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu ya gofu hapa Kampala, eti ukiokota mpira kabla haujaingia shimoni kadi yote ya matokeo imekufa na handikapu (kipimo cha uwezo wako kinachokupa mapigo ya nyongeza) haihesabiwi, kwa hiyo piga tu hata mara 13. Jamani si hivyo, inategemea mnacheza mchezo gani. Strokeplay ya kawaida, ile ya kujumlisha mapigo yote, ndiyo, lazima umalize kila shimo la sivyo unaondolewa, na wengi tulianza na hiyo ndo maana tunachanganya. Lakini Stableford, ile ya kupata pointi kwa kila shimo, ukishapita mapigo yenye pointi unaokota, shimo hilo sifuri, unaendelea.

Handikapu nayo, kwa mfumo wa dunia wa 2020, ina kikomo cha mapigo kwa kila shimo: pa (mapigo yaliyopangiwa shimo hilo), ongeza 2, ongeza mapigo unayopewa shimo hilo. Ukicheza na handikapu 18, yaani unapewa pigo moja kila shimo, pa 4 kikomo ni 7, pigo la nane halibadilishi kitu. Chukua kadi ujihesabie.

Nimeona mtu Entebbe kwenye nyasi ndefu, pigo la 11, kedi, anayembebea vifaa, kashusha begi, watu wanne wanangoja nyuma na mvua inakuja toka ziwani, na yote kwa sababu ya meseji hiyo. Tafadhali msiiforwadi tena, ulizeni tu kwenye tii ya kwanza, pale mnapoanzia, leo tunacheza nini.